Vibao vya wanasayansi Malindi: majina ya njia yaacheni, shughulikieni chumvi

Swali: "Sisi ni kikundi cha vijana wa mtaa wa zamani hapa Malindi, karibu na ufuo. Tumechanga pesa tuweke vibao kumi na viwili vya wanasayansi mashuhuri, kila kichochoro kipewe jina la mmoja: Einstein, Newton, Marie Curie, Ibn Majid aliyempeleka Vasco da Gama India, Wangari Maathai na wengineo. Fundi wa mabango anasema bati lenye stika linatosha, tupigilie na misumari ya simiti. Mzee mmoja amekataa katakata, anasema vichochoro vina majina yake tangu mababu. Mwenzetu naye anasema bila kibali cha kaunti tutashtakiwa. Tufanyeje vibao vidumu na tusigombane na watu?"

Jibu: Ndugu zangu, mna hofu tatu: pesa za watu zisiliwe na kutu, mzee asivunjiwe heshima, na askari wa kaunti wasije kung'oa vibao mchana kweupe. Zote zina msingi. Hizo mbili za mwisho zinapungua sana kwa uamuzi mmoja usiogharimu hata shilingi. Ya kutu ndiyo yenye kazi, na humo nitakaa zaidi.

Uamuzi wenyewe ni huu: msibadili jina la kichochoro hata kimoja. Kuna kibao cha jina la njia, na kuna kibao cha kumbukumbu, na watu huvichanganya. Jina la njia ni kitu cha kazi. Wa tuktuk hulitumia, mleta gesi hulitumia, anayemkimbiza mgonjwa usiku hulitumia. Likibadilishwa kwenye kibao tu, huku vinywani likabaki lile la zamani, mmewapotosha wageni na wenyeji wamewapuuza. Kibao cha kumbukumbu hakina madai hayo. Kinasema tu kwamba fulani alifanya jambo fulani, na mpita njia akitaka asome. Forest Road ya Nairobi ilipoitwa Professor Wangari Maathai Road, hapo jina la barabara lilibadilishwa, na hiyo ni kazi ya mamlaka, si ya kikundi cha mtaa.

Kwa hiyo mzee wenu amesema kweli, na tena ndiye mtu mnayemhitaji kuliko fundi. Mwendeeni na daftari, awatajie jina la kila kichochoro kama alivyolipokea, na kama kuna majina mawili yanayogombaniwa andikeni yote mawili kwanza, kisha muwaulize wazee wengine. Halafu jina hilo la asili likae juu, kwenye bamba lake, kwa herufi kubwa kuliko zote, na bamba la mwanasayansi liwe chini yake. Sehemu nyingi za miji yetu ya pwani majina ya vichochoro hayajapata kuandikwa ukutani hata mara moja. Kibao chenu kikiwa cha kwanza kuyaandika, mzee hatakuwa na la kupinga, na huenda akawa msimamizi wenu mkali zaidi.

Sasa kibali. Kwa Katiba ya 2010, barabara za kaunti na mipango ya miji viko chini ya serikali ya kaunti, na Malindi ni manispaa ndani ya Kaunti ya Kilifi. Kwa hiyo barua yenu ya kwanza iende kwa meneja wa manispaa, nakala kwa msimamizi wa wadi na kwa chifu. Iwe ya ukurasa mmoja: mnataka kuweka nini, wapi hasa, ukubwa gani, nani atavitunza vibao. Ambatisheni mchoro wa kibao wenye vipimo, picha ya kila ukuta, na kumbukumbu za mkutano wa mtaa pamoja na orodha ya waliohudhuria na sahihi zao. Semeni wazi kwamba hakuna jina la njia linalobadilishwa, na kwamba kibao hakina tangazo la biashara. Hilo la tangazo lina uzito, maana kaunti hutoza ada za mabango ya nje, na nembo ndogo tu ya duka lililowafadhili kwenye kona yaweza kukigeuza kibao chenu kuwa bango la biashara machoni mwa mkusanya ushuru. Mfadhili mshukuruni kwenye mkutano, msimshukuru ukutani.

Ruhusa ya kaunti haiwapi ruhusa ya ukuta. Kila ukuta una mwenyewe, na mpangaji si mwenyewe. Pateni barua fupi ya mmiliki, hata kama ni ya mkono, yenye tarehe. Ukuta wa msikiti ni wa wakfu, kwa hiyo mtu wa kuzungumza naye ni kamati ya msikiti. Nguzo ikisimama kando ya barabara kubwa, ulizeni ofisi ya manispaa barabara hiyo iko chini ya mamlaka gani, kwa sababu si barabara zote za mjini ni za kaunti. Na kama nyumba ni ya kale au iko karibu na makaburi ya mnara na magofu, msiguse mpaka mmeonana na watu wa Makumbusho ya Taifa hapo hapo Malindi. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalinda vitu hivyo, na tundu moja la drili kwenye kaburi la kale ni kesi. Wenzenu wa Lamu wana kazi kubwa zaidi: Mji wa Kale wote uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na hata rangi ya mlango huko ina watu wa kuulizwa.

Nije kwenye majina, kwa sababu orodha yenu inanipa shida kidogo. Newton, Einstein na Curie hawana kosa, lakini vibao vyao vingeweza kusimama Nakuru au Lisbon na visibadilike neno. Malindi ina wanasayansi ambao kazi yao iligusa maji haya haya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya, setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwenu kidogo tu. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kuchunguza eksirei zitokazo angani. Aliyeongoza sayansi yake, Riccardo Giacconi (1931–2018), alipata Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Mhandisi aliyesimamia mradi upande wa NASA alikuwa mwanamke, Marjorie Townsend, na jukwaa lenyewe lilitokana na juhudi za Mwitaliano Luigi Broglio (1911–2001), ambaye kituo cha Ngomeni sasa kina jina lake. Watoto wangapi wa Malindi wanajua hayo?

Yupo Marjorie mwingine. Marjorie Courtenay-Latimer (1907–2004) ndiye aliyemwona silakanti kwenye rundo la samaki huko East London, Afrika Kusini, Desemba 1938, akatambua kwamba si samaki wa kawaida. Wataalamu walidhani jamii hiyo ilitoweka mamilioni ya miaka iliyopita. Mwaka 2001 silakanti alinaswa nje ya Malindi. Kibao chake kikikaa kwenye njia ya kuteremkia kwa wavuvi, hakihitaji maelezo marefu.

Wa nyumbani pia wapo. Wangari Maathai (1940–2011) mnamtaja, lakini wengi huandika habari za miti na Nobel ya Amani ya 2004 wakasahau sayansi yenyewe: alipata shahada ya uzamivu mwaka 1971 na alifundisha anatomia ya wanyama Chuo Kikuu cha Nairobi. Thomas Odhiambo (1931–2003) alianzisha ICIPE mwaka 1970, kituo cha utafiti wa wadudu ambacho bado kinafanya kazi Nairobi. Kamoya Kimeu, aliyefariki 2022, ndiye aliyegundua kipande cha kwanza cha mifupa ya Mvulana wa Turkana, binadamu wa kale, mwaka 1984. Na Erasto Mpemba wa Tanzania aliona, akiwa mwanafunzi wa sekondari mwaka 1963, kwamba mchanganyiko wa moto wa aiskrimu uliganda kabla ya uliopoa. Huyu mwandikeni kwa uangalifu: wanafizikia mpaka leo wanabishana kama jambo hilo hutokea kila mara na kwa nini. Kibao kiseme aliuliza swali lililochapishwa mwaka 1969 na Denis Osborne na yeye mwenyewe, na ambalo bado linachunguzwa. Hayo ni ya kweli na yanatosha.

Ibn Majid aliye kwenye orodha yenu ndiye mwenye mtego. Da Gama alifika Malindi Aprili 1498 na akapewa rubani wa kumvusha mpaka India, hilo halina ubishi. Kwamba rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid ni habari iliyotoka kwa mwandishi wa Makka wa karne ya 16, na wanahistoria wengi hawaikubali, kwani maandishi ya Wareno humtaja rubani Mgujarati. Ibn Majid anastahili kibao kwa vitabu vyake vya ubaharia, ambavyo ni vya thamani kubwa kwa yeyote anayesoma historia ya Bahari ya Hindi. Ila ile sentensi ya Vasco da Gama iondoeni, msije mkachonga kwenye chuma jambo ambalo mwalimu wa historia atalipinga wiki ya kwanza.

Makosa mengine yanayopenda kuingia: Nobel ya Einstein ya 1921 ilikuwa hasa kwa kueleza jinsi mwanga unavyong'oa elektroni kwenye metali, haikuwa kwa nadharia ya uhusianifu. Marie Curie alizaliwa Warsaw, Poland, kwa jina la Skłodowska, na ile ł yenye mkwaju hupotea mara nyingi kwenye kompyuta ya mchongaji ikawa l au kisanduku kitupu. Newton ana miaka miwili ya kuzaliwa, 1642 kwa kalenda ya zamani ya Uingereza na 1643 kwa hii yetu, kwa hiyo mkitumia 1643 basi mwaka wa kufa uwe 1727. Msimweke mtu aliye hai. Akiharibikiwa kesho, kibao mtakificha wapi? Na ningewashauri mpunguze idadi. Vibao sita vizuri vyenye fedha ya matunzo vinashinda kumi na viwili vya kuaibisha.

Kila kibao maneno yasizidi hamsini hivi. Mfano wa Giacconi waweza kuwa: "Mwanafizikia wa anga. Tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya Uhuru, iliyobeba vifaa vya kikundi chake, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco mbele ya Ngomeni. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei kutoka angani. Tuzo ya Nobel ya Fizikia, 2002." Kabla ya kuchonga, watu wawili ambao hawakuandika maneno hayo wayasome kwa sauti kutoka kwenye karatasi iliyochapishwa kwa ukubwa ule ule. Jicho la mwandishi huruka makosa yake.

Picha za sura mimi ningeziacha. Mtaa wenu ni wa Waislamu wengi na baadhi ya watu hawatapenda sura ya mtu karibu na msikiti. Tena picha nyingi za wanasayansi zina hakimiliki, na sura iliyochapwa kwa wino ndiyo ya kwanza kupauka. Mchoro wa mistari hushinda: setilaiti kwa Giacconi, samaki kwa Courtenay-Latimer, mbung'o kwa Odhiambo. Mchoro wa mistari huchongeka vizuri na mtoto asiyejua kusoma anauelewa.

Sasa chumvi. Fundi wenu si mwongo, bati lenye stika linatosha, lakini linatosha Kericho. Hewa ya ufuoni hubeba chembe za maji ya bahari, hasa kusi likivuma. Chembe zikitua juu ya kibao, maji hukauka na chumvi hubaki, na chumvi ina tabia ya kunyonya unyevu wa hewa. Matokeo yake kibao hubaki na utando wa maji ya chumvi usiku kucha hata kama mvua haijanyesha. Bati ni chuma chembamba kilichovikwa zinki; zinki hujitoa ili chuma kisiliwe, lakini pale fundi alipokata kwa mkasi na pale msumari ulipotoboa chuma kiko wazi, na zinki ya jirani inaisha haraka kwa kujaribu kukilinda. Stika nayo huinuka kwenye kingo, chumvi huingia chini yake, na kutu hutambaa kwa siri. Mnakuja kuiona ikiwa tayari imetoa mapovu katikati ya herufi.

Msumari wa simiti ni balaa la pili. Ni chuma kigumu kisicho na kinga ya kutosha, na ukuta wa mawe ya matumbawe una matundu na sehemu laini, kwa hiyo ukipigwa nyundo jiwe linapasuka ndani na plasta inaachia. Baadaye msumari ukishika kutu, kutu hiyo huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichozaa, na inasukuma plasta nje. Mwenye nyumba hatasema kibao kimeoza. Atasema mmemvunjia ukuta.

Bamba ninalopendekeza ni la alumini, unene milimita 3. Alumini hujifunika ngozi nyembamba ya oksidi inayozuia uozo kuendelea, na bamba la sentimita 30 kwa 20 lina uzito wa nusu kilo tu, wakati la chuma la ukubwa huo hukaribia kilo moja na nusu. Herufi zichongwe kwenda ndani karibu milimita 1 kwa mashine, kisha zijazwe rangi ya mafuta nyeusi au buluu nzito. Rangi ikipauka baada ya miaka, herufi bado zipo, na kijana yeyote mwenye brashi ndogo anazijaza upya. Nyekundu iepukeni, hufifia kabla ya rangi nyingine. Mkitaka bamba lipakwe rangi ya unga ya kuoka, mwambieni fundi asage kingo na pembe ziwe mviringo kabla ya kupaka, na matundu yote yatobolewe kabla, si baada. Kwenye ukingo mkali rangi hukaa nyembamba, na humo ndimo chumvi huanza kupenya.

Shaba njano inapendeza siku ya uzinduzi. Baada ya hapo inageuka kahawia, kisha kijani, na kabla haijawa kijani kuna mtu wa chuma chakavu atakuwa ameipima kwa macho. Mbao za mvule au mbambakofi zilizochongwa kwa mtindo wa milango ya Lamu ni nzuri kuliko zote, na kama mna mchongaji na mtu wa kuzipaka mafuta kila mwaka, sitawakataza. Bila huyo mtu wa mafuta, jua hupasua ubao na mchwa humaliza kazi.

Kinachoua vibao vya alumini ni skrubu, na hapa wengi huteleza. Metali mbili tofauti zikigusana, na katikati pakawa na maji ya chumvi, mmetengeneza betri. Umeme mdogo hupita na metali dhaifu ndiyo inayolika. Skrubu ya shaba kwenye bamba la alumini itaifanya alumini imumunyike kuzunguka tundu, mpaka tundu liwe kubwa kuliko kichwa cha skrubu. Skrubu ya kawaida iliyopakwa zinki hupoteza zinki yake, kisha hulia machozi ya kahawia juu ya jina la Wangari Maathai. Tumieni skrubu za stenles daraja la 316, ambazo huandikwa A4 kichwani au kwenye pakiti. Zile za A2, daraja la 304, ndizo zinazojaa madukani. Zinang'aa vilevile lakini hazina molibdeni ya kutosha kustahimili chumvi, na karibu na ufuo hupata madoa na vishimo. Sumaku haiwezi kuwatofautishia hizo mbili, kwa hiyo ombeni kuona pakiti. Hata hiyo A4 ni metali tofauti na alumini, lakini kwa kuwa skrubu ni ndogo na bamba ni kubwa, ulaji hutawanyika. Wekeni washa ya nailoni chini ya kichwa na bomba dogo la plastiki ndani ya tundu ili zisigusane kabisa. Kinyume chake ndicho hatari: ribiti ndogo za alumini kwenye bamba kubwa la stenles hulika upesi.

Kwenye ukuta wenyewe, gongeni plasta kwa kifundo cha kidole kwanza. Ikitoa sauti ya uwazi, hameni, hapo imeachana na jiwe. Toboeni kwa drili iliyozimwa kipigo cha nyundo, polepole, kwa keekee ya milimita 6 kwanza ili kupima ulaini, kisha ya ukubwa unaotakiwa, kina cha milimita 70 hadi 80. Unga wa jiwe utoeni kwa brashi na pampu ya baiskeli, rudieni mara mbili tatu, maana gundi ikishika unga haishiki ukuta. Msitumie bolti za kupanuka. Hukaza kwa kusukuma pembeni, na tumbawe halipendi kusukumwa. Zinafaa plagi za nailoni ndefu, au gundi ya resini ya kudungia pale jiwe lilipo na matundu mengi. Kama ukuta ni wa chokaa ya zamani, msizibe mapengo kwa saruji. Saruji hufungia unyevu na chumvi ndani, na plasta ya jirani huanza kumeguka. Zibeni kwa chokaa na mchanga uliooshwa.

Kati ya bamba na ukuta acheni nafasi ya milimita 10, kwa vipande vya bomba la plastiki. Ukuta wa chokaa hupumua, na bamba lililogandana nao hufungia maji nyuma yake. Msipake silikoni kuzunguka kingo zote kwa kudhani mnazuia mvua. Mnazuia maji yasitoke.

Mahali pa kuweka pana mvutano ambao siwezi kuwaondolea. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, jua la adhuhuri hupita utosini, kwa hiyo kuta zinazotazama mashariki na magharibi ndizo zinazochomwa moja kwa moja asubuhi na jioni. Chini ya upenu rangi hudumu zaidi. Lakini chini ya upenu mvua haifiki kuosha chumvi, na metali iliyokingwa mvua ufuoni huchakaa kuliko iliyo wazi. Mimi ningechagua upenu, kisha mtu wa mtaa akioshe kibao kila baada ya miezi mitatu, na kila mwezi wakati wa kusi, kwa kitambaa laini na maji ya bomba. Maji ya kisima chenye chumvi hayafai. Kama hamna uhakika wa huyo muoshaji, chagueni ukuta ulio wazi.

Ukubwa wa herufi hutegemea msomaji amesimama wapi. Kanuni inayotumika ni milimita 25 za urefu wa herufi kwa kila mita 10 za umbali. Jina la kichochoro lisomeke na mwenye pikipiki, basi milimita 75 hadi 100, kwenye bamba lake refu la peke yake, ukingo wa chini ukiwa mita 2.2 au zaidi kutoka chini. Maelezo ya mwanasayansi husomwa na mtu aliyesimama: herufi za milimita 8 zinatosha, kwenye bamba la 30 kwa 20, katikati yake ikiwa mita 1.5 hivi. Hapo mstari utabeba kama herufi 40, na maneno hamsini ya Kiswahili yataingia mistari tisa au kumi. Msiandike yote kwa herufi kubwa, jicho huchoka. Katika kichochoro chembamba pitisheni mkokoteni mara moja kabla ya kutoboa. Huko Lamu mizigo ya punda hukwangua kila kitu kilicho chini ya bega.

Penye nguzo badala ya ukuta, chukueni bomba la inchi 2 lenye zinki, mita 3, sentimita 60 zizame kwenye shimo la sentimita 30 kwa 30. Zege ni saruji moja, mchanga miwili, kokoto nne, na mfuko mmoja wa kilo 50 unatosha mashimo matatu hivi. Mchanga wa ufuoni na maji ya bahari marufuku, kwa sababu ile ile ya chumvi. Zege limalizwe juu kidogo ya ardhi kwa mteremko, mdomo wa bomba uzibwe, na bamba lishikwe kwa klempu. Mkichomelea, moto unaunguza zinki pale pale mnapoihitaji.

Mambo ya kuitia mtu aje aone kwa macho yake ni machache: ukuta wenye ufa unaopitisha sarafu, au uliotumbukia, aitwe mhandisi au fundi mwashi mzoefu wa nyumba za mawe; nyumba ya kale, waitwe Makumbusho; mgogoro wa nani mwenye ukuta, muachieni chifu na ofisi ya ardhi, nyinyi hamieni ukuta mwingine.

Na msiagize vibao vyote kwa pamoja. Tengenezeni kimoja, kiwekeni mwezi wa Machi mahali palipo karibu na bahari kuliko pote, kikae kusi nzima mpaka Septemba. Kisha fungueni skrubu moja mtazame. Unga mweupe kuzunguka tundu una maana washa haikutenganisha metali. Mstari wa kahawia chini ya kichwa una maana mliuziwa A2 au zaidi ya hapo mkatapeliwa. Doa la maji ukutani nyuma ya bamba lina maana nafasi ni ndogo au kuna aliyepaka silikoni. Rekebisheni lililoonekana, ndipo mlipe vilivyobaki.